Lisbon kwa Siku Nne Pamoja na Marafiki: Kilima Kimoja kwa Siku

Lisbon imejengwa juu ya vilima, na kundi la marafiki lisilolizingatia jambo hilo huanza kuzozana siku ya pili, wakati wa alasiri, miguu inapouma, mmoja akitaka kukaa kitako na mwingine akitaka kuona kanisa moja zaidi. Tulikwenda watu watano, mwezi wa Mei: wawili kutoka Mombasa, mmoja kutoka Dar es Salaam, na sisi wawili tunaoishi Ulaya. Utaratibu uliotufaa ulikuwa mwepesi. Hatukupanda zaidi ya kilima kimoja kwa siku, na saa zilizobaki tulizitumia katika sehemu za tambarare au kando ya mto Tejo. Mwongozo huu unaufuata utaratibu huo, pamoja na marekebisho ambayo tungeyafanya kama tungerudi tena.

Lipo jambo la pili lililonisukuma kuandika. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki haingii Lisbon kama anavyoingia mji mwingine wa Ulaya. Merikebu zilizofika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498 ziling'oa nanga katika mji huu. Dhahabu iliyotozwa Kilwa imehifadhiwa katika mji huu. Na maneno tunayoyatumia kila siku, kama vile meza, leso, bendera na mvinyo, mtayasikia mitaani yakitamkwa kwa namna inayokaribia yetu. Miongozo ya kawaida ya watalii huipita dhahabu ile kwa mstari mmoja au huiacha kabisa, na mimi naona ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya Mswahili kuupanda mji huo.

Hatua ya kwanza: viza, msimu na makazi

Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya nchi yoyote ya Afrika Mashariki anahitaji viza kabla ya kupanda ndege. Rafiki mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen haihitaji viza hiyo, lakini anayeishi Uingereza kwa kibali tu, bila uraia, anaihitaji sawa na aliyetoka Tanga. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie gharama za matibabu zisizopungua euro 30,000. Kila mmoja hupeleka ombi lake mwenyewe, ila ratiba iwe moja kwa wote, yenye tarehe zile zile na makazi yale yale, na kila mmoja aambatishe barua inayowataja wenzake. Tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha isinunuliwe kabla viza ya mtu wa mwisho haijatoka. Ni vigumu kufurahia safari ambayo mwenzenu mmoja amebaki nyumbani akiitazama katika simu.

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti jua huwa kali na mji hufurika watu. Kuanzia Novemba mvua huja, na mawe ya barabarani huteleza. Usiku wa tarehe 12 Juni mji mzima husherehekea sikukuu ya Mtakatifu Antonio kwa kuchoma dagaa wakubwa mitaani, na ni usiku mzuri sana kwa marafiki, mradi makazi yawe yamelipiwa mapema.

Kuhusu makazi, chagueni sehemu ya tambarare iliyo karibu na kituo cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi: Baixa, Cais do Sodré, au kando ya Avenida da Liberdade. Alfama huvutia sana katika picha, lakini kulipandisha sanduku lenye magurudumu kwenye ngazi zake usiku ni adhabu. Mwulizeni mwenye nyumba maswali mawili kabla ya kulipa: nyumba ipo ghorofa ya ngapi, na je, lifti ipo? Majengo mengi ya zamani hayana lifti. Kumbukeni pia kwamba manispaa hutoza kodi ya utalii ya euro 4 kwa kila usiku kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 13 au zaidi, na kodi hiyo haizidi siku 7. Plagi za Ureno zina pini mbili za mviringo. Anayetoka nyumbani na chaja yenye pini tatu aje na adapta.

Hatua ya pili: kifuko cha pamoja na mahali pa miadi

Fedha huwagawa marafiki polepole, bila mtu kusema neno. Mmoja analipa kahawa, mwingine tiketi, wa tatu chakula cha mchana, na ifikapo jioni kila mmoja anaamini kwamba ametoa zaidi. Sisi tulikubaliana kila mmoja atoe euro 30 asubuhi, ziwekwe katika pochi moja, na mtu mmoja awe mweka hazina kwa siku hiyo. Usafiri, viingilio, maji na chakula cha mchana vililipwa humo. Chakula cha jioni, vileo na ununuzi kila mtu alijilipia, kwa sababu si haki asiyekunywa mvinyo achangie chupa ya wanaokunywa. Zikibaki, huhamia kesho. Kazi ya mweka hazina izunguke kila siku, ili asitokee mmoja akawa mama wa safari nzima.

Mkitoa fedha, tumieni mashine zenye alama ya Multibanco, na zaidi zile zilizo ukutani mwa benki. Mashine ikiwauliza kama mnataka kukatwa kwa shilingi au kwa euro, chagueni euro siku zote, maana kiwango cha kubadilishia wanachokitoa wao huwa kibaya.

Jambo la pili la makubaliano ni mahali pa kukutania. Kila asubuhi tajeni mahali pamoja na saa moja, na sharti liwe kwamba aliyepotea hatafuti wenzake wala hatafutwi, bali anakwenda pale. Sisi tulilazimika kuweka sharti hili baada ya milango ya treni kufungwa na kumwacha mwenzetu kituoni akiwa bado anasoma ubao. Yeye alipanda treni iliyofuata, sisi tukarudi nyuma kumfuata, na tukapishana mara mbili chini ya ardhi. Mahali pazuri ni chini ya sanamu ya mfalme José wa Kwanza aliyepanda farasi, katikati ya uwanja wa Praça do Comércio, kwa kuwa inaonekana kutoka mbali. Na saa ziandikwe kama zilivyo kwenye tiketi. Kwetu 9:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Katika kundi ambalo wengine huhesabu saa Kiswahili na wengine wameshazoea Kizungu, tiketi ya makumbusho yenye saa maalumu hupotea kirahisi mno.

Hatua ya tatu: kutoka uwanja wa ndege na kupata kadi

Uwanja wa ndege upo ndani ya mji, na metro inafika hapo hapo. Pandeni njia nyekundu hadi Alameda, kisha mbadilishe kwenda njia ya kijani iendayo Cais do Sodré, ambayo hupita Rossio na Baixa-Chiado. Mkichagua teksi, jueni kwamba gari la kawaida hubeba abiria wanne. Wa tano hulazimu gari kubwa au magari mawili.

Kituoni mnunue kadi ya Navegante, ambayo huuzwa kwa nusu euro na hutumika katika metro, mabasi, tramu (treni ndogo zipitazo barabarani), vivuko na treni za mjini. Kila mtu lazima awe na yake; haiwezekani mmoja akagusisha kwa niaba ya wenzake. Kadi inaweza kujazwa tiketi ya saa 24 au fedha zinazokatwa kidogo kidogo kwa kila safari, ila si vyote viwili kwa wakati mmoja. Siku ya kutembea sana kwa vyombo, chukueni ya saa 24. Siku ya kutembea kwa miguu, jazeni fedha. Andikeni majina kwenye kadi kwa kalamu ya wino mara moja, kwa kuwa zote zinafanana, na mkizichanganya hamtajua ya nani imebakiwa na fedha.

Hatua ya nne: siku ya kwanza, Baixa na kilima cha Carmo

Siku ya kwanza miguu bado ni mizima lakini kichwa kimechoka kwa safari, basi kaeni katika tambarare. Anzieni Praça do Comércio, uwanja mpana uliofunguka moja kwa moja kwenye mto. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliupiga mji huu watu wakiwa makanisani. Yakafuata mawimbi makubwa kutoka baharini, kisha moto. Jumba la kifalme lililokuwa hapa likaangamia. Mtaa wa Baixa mnaouona umejengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, waziri wa mfalme José, barabara zikiwa zimenyooka na kukatana kwa pembe sawa, na ndani ya kuta nyumba zikatiwa fremu za mbao zinazoweza kuyumba bila kuvunjika.

Pandeni kaskazini polepole mkisoma majina ya barabara, kwa kuwa zilipewa majina ya kazi na bidhaa: ya dhahabu, ya fedha, na Rua dos Sapateiros, yaani barabara ya washona viatu. Mwenzetu wa Mombasa alisimama chini ya kibao hicho akasema, "Sapatu!" na kweli ndilo neno lenyewe. Tangu hapo tukaufanya mchezo wa safari nzima, kila mmoja akikusanya maneno. Lililotushangaza zaidi ni igreja, neno la Kireno la kanisa, ambalo wataalamu wa lugha hulitaja kuwa asili ya gereza letu. Kundi lenye watu wanaopenda lugha halitachoka kwa mchezo huo, nao hauna gharama.

Mkifika Rossio, pitieni Largo de São Domingos, uwanja mdogo ambako Waafrika wa Lisbon, wengi wao wenye asili ya Guinea-Bissau, hukutana kuzungumza na kuuza bidhaa ndogo ndogo. Kaeni kidogo, msalimie. Kisha ndipo mpande kilima cha siku: Carmo. Lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyozinduliwa mwaka 1902, ina foleni ndefu na haifai kupotezewa saa nzima. Jukwaa lake la juu linaungana na Largo do Carmo, na mtu anaweza kupanda huko kwa miguu kupitia Chiado katika muda wa robo saa.

Katika uwanja wa Carmo lipo kanisa lisilo na paa, ambalo halikuezekwa tena tangu tetemeko lile; matao yake yamebaki wazi chini ya mbingu. Pembeni yake ndiyo kambi ya walinzi ambamo Marcelo Caetano, mkuu wa serikali ya kidikteta, alijisalimisha tarehe 25 Aprili 1974 mbele ya wanajeshi wa kapteni Salgueiro Maia. Kwa Mtanzania uwanja huu si wa watalii tu. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa huko huko mwaka 1969, na kilichotokea katika uwanja huu ndicho kilichofungua njia ya uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975. Tulikaa chini ya miti tukasimuliana yale ambayo wazazi wetu waliyakumbuka kuhusu miaka hiyo, na nawashauri wengine wafanye hivyo, kwa sababu ni nadra marafiki kupata mahali panapowapa sababu ya mazungumzo ya namna hiyo.

Hatua ya tano: siku ya pili, Belém na dhahabu ya Kilwa

Siku hii isiwe Jumatatu, kwa kuwa makumbusho mengi ya taifa hufungwa siku hiyo. Majengo haya ya kale pia hufungwa mara kwa mara kwa ukarabati, kwa hiyo mmoja wenu apewe kazi ya kuangalia tovuti rasmi ya kila jengo wiki moja kabla ya safari, na tiketi zinunuliwe huko huko.

Pandeni treni kutoka Cais do Sodré. Safari ya kwenda Belém huchukua chini ya dakika 10, na treni huwa na nafasi kuliko tramu namba 15 iendayo huko huko. Fikeni mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa ushuru uliotozwa bidhaa za Afrika na Asia. Katika nguzo zake mtaona mawe yaliyochongwa mfano wa kamba za merikebu, matumbawe na mimea ya mbali. Ndani ya kanisa, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama, mkuu wa merikebu zile za 1498, aliyefia Cochin, India, mwaka 1524. Upande wa pili ni kaburi la mshairi Camões. Alama ya merikebu imechongwa ubavuni mwa kaburi la da Gama. Ni merikebu kama hiyo waliyoiona watu wa Mombasa, wakaishuku, na watu wa Malindi, wakaipokea na kuipa rubani wa kuivusha hadi Calicut.

Vukeni barabara kwa njia ya chini mfike mtoni, kwenye mnara wa Padrão dos Descobrimentos, uliojengwa kwa zege na mawe mwaka 1960. Mbele yake, sakafuni, umetandazwa mchoro wa dira wenye upana wa mita 50, na katikati yake ramani ya dunia inayoonyesha njia za merikebu za Wareno. Tafuteni pwani yetu, msimame juu yake mpige picha.

Kisha ni wakati wa kula kitu. Vitobosha vya Belém, vikombe vidogo vya unga mwembamba vilivyojazwa uji mzito wa mayai na maziwa, vimeuzwa katika duka moja la mtaa huu tangu mwaka 1837. Foleni ya nje ni ya wanaonunua na kuondoka. Mkiingia ndani, kuna vyumba vingi vya kukaa. Hupakuliwa vikiwa moto, juu vina madoa meusi ya kuungua, na mezani hutolewa mdalasini na sukari ya unga. Mkinyunyiza mdalasini kabla ya kuuma, harufu yake itawarudisha nyumbani moja kwa moja. Agizeni viwili kwa kila mtu; kimoja hakitoshi.

Sasa lije jambo ambalo ndilo lililonileta. Rudini mjini kwa tramu namba 15, mshuke Cais da Rocha, mpande ngazi hadi Museu Nacional de Arte Antiga, katika barabara ya Janelas Verdes. Ngazi hizo ndizo kilima cha siku hii. Ndani, ulizeni Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili waumini waiabudu, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Urefu wake haufiki mita moja. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na uso wake na rangi za vazi lake. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Chini, kwenye kitako, wamo ndege, maua na konokono wadogo ambao mtu hawaoni mpaka ainame.

Inameni basi, na mzunguke kitako polepole. Pembezoni mwake yamepangwa maandishi ya Kireno cha zamani yanayosema kwamba mfalme Manuel aliagiza kitu hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa limo humo, kwa tahajia ya Kireno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi katika bahari yetu akiwa na merikebu nyingi zenye mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 kundi jingine la merikebu likaivamia na kuipora Kilwa, kisha likaichoma Mombasa. Dhahabu hii ilitoka bara, ikapita Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, mji wa msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, na imeishia hapa, ikiwa imefinyangwa kuwa mbawa na majani. Mwenzetu wa Dar es Salaam, ambaye alikwishafika Kilwa Kisiwani na kuyaona magofu, alisimama pale kwa muda mrefu kuliko sote. Msiharakishane hapa. Siku hiyo msipange kitu kingine baada ya makumbusho isipokuwa bustani yake, ambayo ina viti na inatazama mto.

Chakula, kabla ya kuendelea

Mkikaa mkahawani, mhudumu huweka mkate, zeituni na jibini mezani kabla hamjaagiza. Si zawadi. Mkivigusa mtavilipia, na msipovitaka semeni kwa upole virudishwe. Sisi tulijifunza hili katika mkahawa mmoja ambako bili ilituongezea vitu sita tulivyodhani ni ukarimu wa mwenyeji. Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo kila mtu awe na chupa yake.

Asiyekula nguruwe ajifunze neno "porco", na pia "banha", yaani mafuta ya nguruwe, ambayo huingia katika baadhi ya vyakula na vitafunwa bila kuonekana. Aulize kabla ya kuagiza. Samaki ni chaguo salama na zuri, hasa wa kuchoma. Mikahawa ya chakula halali ipo mingi katika eneo la Martim Moniz na barabara ya Benformoso, inayoendeshwa zaidi na watu wa Bangladesh na majirani zao, na Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, upo karibu na Praça de Espanha. Na mkiona katika kabati la vioo neno "chamuça", hiyo ni sambusa, iliyofika Ureno kwa njia ya Goa na Msumbiji. Kuku wa "piri-piri" naye hahitaji mkalimani.

Hatua ya sita: siku ya tatu, Alfama

Hiki ndicho kilima kirefu, na kosa la wengi ni kukipanda kwa miguu kutoka chini. Pandeni kwa chombo, mteremke kwa miguu. Tramu namba 28 ndiyo maarufu, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo yenye wezi wa mifukoni. Ikipandwa saa mbili asubuhi au kabla, ni safari nzuri sana: mabehewa ya mbao yanapenya katika vichochoro vyembamba kiasi kwamba mtu dirishani angeweza kuugusa ukuta. Ikipandwa saa sita mchana, mtasimama mmebanana. Mkoba uvaliwe mbele, simu isikae mfuko wa nyuma, na kundi lisigawane milango miwili.

Shukeni Graça, mtembee hadi Miradouro da Senhora do Monte, mahali pa juu pa kutazamia mji wote: ngome ya São Jorge, mto, na daraja jekundu kwa mbali. Kisha mshuke taratibu kuelekea Portas do Sol na Santa Luzia. Jina Alfama lina asili ya Kiarabu, kwa chemchemi za maji ya moto zilizokuwapo, na mpangilio wa vichochoro vyake, nguo zikianikwa juu ya vichwa vya wapita njia na majirani wakizungumza dirisha kwa dirisha, utamkumbusha mtu wa Lamu au Mji Mkongwe nyumbani kwao. Waislamu waliutawala mji huu hadi mwaka 1147. Viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika, maana mawe madogo ya chokaa yaliyotandikwa barabarani yamelainishwa na nyayo za miaka mingi, na rafiki yetu aliyevaa ndala za ngozi alianguka mara mbili kabla ya saa nne.

Chini kidogo, karibu na kanisa kuu, ipo Aljube, gereza la zamani la wapinzani wa udikteta ambalo sasa ni makumbusho, na lina sehemu inayoeleza vita vya ukombozi wa makoloni. Mwenye hamu aingie. Asiye na hamu akae kahawani. Si lazima watu watano waone kila kitu pamoja, na saa mbili za kuachana mchana huufanya mlo wa jioni uwe na habari mpya.

Jioni msikilize fado, muziki wa Alfama. Taa zikipunguzwa, mazungumzo hukoma na hata wahudumu husimama walipo. Aliyezoea taarab, ambamo mshabiki huinuka katikati ya wimbo kumtuza mwimbaji, ajizuie hadi mwisho wa wimbo, kisha apige makofi. Kabla ya kuingia ulizeni kama kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa kila mtu, kwa sababu mara nyingi kipo.

Hatua ya saba: siku ya mwisho, kuvuka mto

Wengi watawashauri mwende Sintra, mji wa majumba ya kifalme ulio umbali wa dakika 40 hivi kwa treni kutoka Rossio. Ni pazuri, lakini ni siku nzima ya foleni na miinuko, na kundi lenye siku nne tu litarudi limechoka. Iacheni mpaka mpate siku ya tano.

Badala yake laleni mpaka mshibe usingizi, mnunue zawadi Baixa, na alasiri mshuke Cais do Sodré mpande kivuko cha kwenda Cacilhas, kwa kadi ile ile ya Navegante. Safari ni ya dakika 10 hivi, na aliyewahi kupanda kivuko cha Kigamboni au Likoni atakijua kishindo cha injini kabla hakijaondoka. Kaeni upande wa kulia ili mwone daraja la 25 de Abril, lililofunguliwa mwaka 1966 likiitwa kwa jina la Salazar, dikteta aliyemtangulia Caetano, na kubadilishwa jina baada ya mapinduzi ya 1974. Upande wa pili, kama njia imefunguliwa, tembeeni kulia kando ya maji, mkipita maghala yaliyoachwa, mpaka kwenye mikahawa michache iliyoweka meza zake juu kabisa ya mto. Siku hii haina kilima.

Hapo ndipo mfunge hesabu. Mweka hazina wa mwisho aeleze kilichobaki na akigawe mbele ya wote, na anayedaiwa alipe kabla ya jua kuzama, kwa sababu deni dogo likivuka uwanja wa ndege hugeuka kuwa aibu ya kudaiana kwa ujumbe wa simu. Metro haifunguliwi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi; wenye ndege ya alfajiri waagize teksi usiku huo huo. Kadi za Navegante msizitupe, kwani hujazwa tena, na zetu alipewa binti wa mwenyeji wetu, aliyesema wajomba zake wanakuja mwezi ujao kutoka Maputo.